Je, Mpita Njia Anyamaze Duka la Mwenzake Likivunjwa?

Liko swali moja ambalo kila mkaaji wa mji au wa kituo cha biashara yampasa ajiulize mapema, kabla halijamkuta barabarani. Swali lenyewe ni hili: Mtu akivunja vioo vya duka, au akitupa bidhaa nje na kuziharibu, au akilitia moto, je, yule apitaye njia aingilie kati, au ashike njia yake aende zake?

Katika nchi ya Meru na Embu swali hili si la mabishano ya kupitishia wakati. Siku ya Jumanne, tarehe 25 Juni 2024, vijana walipotoka kwa wingi katika miji ya Kenya kuupinga Mswada wa Fedha wa mwaka ule, ofisi ya chama cha UDA mjini Embu ilitiwa moto. Mwaka mmoja baadaye, siku ya Jumatatu, tarehe 7 Julai 2025, watu walipokuwa wakiyakumbuka maandamano ya Saba Saba ya mwaka 1990, duka kubwa la Magunas lililoko Makutano, mjini Meru, liliporwa na kutiwa moto. Ofisi ya chama ni mahali pa wanasiasa, lakini duka ni mahali pa kila mtu. Humo mama hununua unga na sabuni, mwanafunzi hununua madaftari, na kijana aliyemaliza shule hupata kazi yake ya kwanza ya kupanga bidhaa au kupokea fedha.

Mambo hayo yalitendeka mbele ya macho ya watu. Na aghalabu katika mambo ya namna hii wavunjaji huwa wachache kuliko watazamaji. Ndiyo maana yatufaa tuwafikirie watazamaji.

HASARA NI YA NANI?

Wako wasemao kwamba duka likiharibika mwenyewe hulipwa na bima, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Neno hili halina msingi. Bima ya kawaida ya moto, kwa desturi, hailipi hasara iliyoletwa na ghasia za kisiasa, isipokuwa mwenye duka amenunua kinga ya ziada na kuilipia. Na katika maduka madogo ya Runyenjes, Siakago, Chuka, Nkubu au Maua, wangapi wana bima yoyote? Duka la namna hiyo mara nyingi limesimamishwa kwa fedha za kahawa au majani ya chai, kwa faida ya miraa au muguka, kwa mkopo wa ushirika, au kwa zamu ya chama cha akina mama. Kioo kikivunjwa na rafu zikiangushwa, deni halivunjiki pamoja navyo. Mwisho wa mwezi hulipwa vile vile.

Tena hasara haikomi kwa mwenye duka. Mwuza maziwa aliyemletea bidhaa kwa mkopo hukosa fedha zake. Mtumishi hukosa kazi. Jirani aliyezoea kukopeshwa sukari mpaka mshahara utoke hukosa wa kumkopesha. Wazee walisema, Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mtu aliyesimama kando leo akitazama duka la jirani likivunjwa asishangae kesho akisimama peke yake mbele ya lake.

SABABU ZA KUNYAMAZA

Hata hivyo si haki kuwaita watazamaji wote waoga. Sababu zao ziko, na baadhi yake ni nzito.

Sababu ya kwanza ni hofu, nayo si ya kuchekwa. Mtu mwenye nondo mkononi hachagui wa kumpiga. Tena katika ghasia risasi haiulizi nani mpita njia na nani mporaji. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilitangaza kwamba watu wasiopungua 31 waliuawa nchini katika siku ile moja ya tarehe 7 Julai 2025. Mzazi amwambiaye mwanawe arudi nyumbani mara moja hawezi kulaumiwa.

Sababu ya pili ni kinyongo. Mtu husema, "Huyu mwenye duka alituuzia unga kwa bei ya juu wakati wa njaa. Leo Mungu amemlipa." Lakini bei mbaya ina dawa yake, nayo ni kununua kwingine au kupeleka mashtaka mahali panapohusika. Kuvunja kioo hakujapunguza bei ya unga hata siku moja. Maduka yakipungua mjini, yale yaliyobaki huuza yapendavyo.

Sababu ya tatu imetoka mbali zaidi. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952 na kuondolewa mwezi wa Januari 1960, Serikali ya kikoloni iliwaadhibu watu kwa jumla kwa sababu ya makosa ya wachache wasiojulikana. Mtu aliweza kutwaliwa mifugo yake au kufungiwa soko na duka lake kwa tendo ambalo hakulitenda. Watu wa Embu na Meru waliyaona mambo hayo. Basi si ajabu kwamba katika nyumba nyingi watoto walifunzwa kusema, "Sikuona, sikusikia." Funzo hilo liliwaokoa watu wakati ule. Lakini yeye alindaye duka la jirani yake leo hatumikii mkoloni, bali anajitumikia mwenyewe pamoja na watoto wake.

Sababu ya nne ni kwamba kila mmoja humngoja mwenzake. Mwaka 1968 wataalamu wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, walieleza jinsi walivyolipima jambo hili. Waliwaweka watu katika chumba wakijaza karatasi za maswali, kisha moshi ukaanza kuingia kwa ufa wa ukutani. Katika waliokuwa peke yao, 75 kwa kila mia walitoka kutoa habari. Lakini mtu alipokaa na wenzake wawili waliopangwa makusudi wasijali kitu, ni 10 tu kwa kila mia waliotoka. Moshi ulikuwa ule ule. Kilichowazuia wengine ni kuona wenzao wamenyamaza.

Hata hivyo wanadamu si wabaya kama watu wengi wadhanivyo. Wataalamu wengine walitazama picha za kamera za barabarani zilizoonyesha magomvi 219 katika miji ya Uingereza, Uholanzi na Afrika ya Kusini, wakatoa matokeo yao mwaka 2019. Waliona kwamba katika magomvi tisa kwa kila kumi alitokea angalau mtu mmoja aliyeingilia kati ili kutuliza. Tena kila watazamaji walipozidi kuwa wengi, ndivyo ilivyozidi kuwa yamkini kwamba mmoja wao atasaidia. Yaani wengi wetu twataka kusaidia. Tunalolikosa aghalabu ni mtu wa kuanza.

SHERIA YASEMA NINI?

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya kumzuia mhalifu ni ya polisi peke yao, na kwamba raia akimgusa atashtakiwa yeye. Sheria za Kenya hazisemi hivyo.

Sheria ya utaratibu wa kesi za jinai, yaani Sura ya 75, katika kifungu cha 34, yampa raia wa kawaida ruhusa ya kumkamata mtu amwonaye kwa macho yake akitenda kosa ambalo polisi aweza kumkamata mtu kwa ajili yake bila ya hati ya mahakama. Kifungu hicho hicho chasema kwamba mtu akikutwa akitenda kosa la kuharibu mali, aweza kukamatwa na mwenye mali, au watumishi wake, au watu aliowaruhusu. Kisha kifungu cha 35 chaongeza sharti kubwa: aliyekamatwa hana budi kukabidhiwa polisi, au kupelekwa katika kituo cha polisi kilicho karibu, bila ya kukawia pasipo sababu.

Kanuni za Adhabu, yaani Sura ya 63, nazo zina kifungu ambacho watu wachache wakijua, nacho ni cha 392. Chasema kwamba mtu ajuaye kuwa mwingine anatenda kosa la jinai la daraja la juu, naye asitumie njia zote za kadiri kulizuia, yeye mwenyewe ametenda kosa. Kuharibu mali kwa makusudi, ambako adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 5, si kosa la daraja hilo. Lakini kutia jengo moto ni la daraja hilo, na adhabu yake yaweza kuwa kifungo cha maisha. Wizi pia ni la daraja hilo. Basi avunjaye kioo kwa ulevi na yule amwagaye petroli mlangoni hawako sawa mbele ya sheria, na wajibu wa mtazamaji hauwi sawa mbele yao.

Tazama maneno "njia za kadiri". Sheria haikutaki ufe kwa ajili ya katoni ya sabuni. Haimwagizi mama mwenye mtoto mgongoni apambane na kundi la vijana. Yataka kila mtu atende lile ambalo mtu mwenye akili timamu angeweza kulitenda mahali pake.

KWANZA JUA NI NANI AVUNJAYE

Kabla ya kutenda lolote yakupasa kutazama na kuuliza, maana si kila anayevunja mlango wa duka ni mhalifu. Huenda ni mwenye duka aliyepoteza ufunguo. Huenda ni dalali aliyetumwa na mahakama, naye anayo amri iliyoandikwa. Huenda ni askari wa kaunti waondoao vibanda vilivyojengwa barabarani. Hao hawazuiwi kwa mikono ya wapita njia. Mwenye kudai kwamba ameonewa na aende mahakamani, na shahidi aliyetazama vizuri atamfaa huko.

Kadhalika yafaa kutofautisha kati ya mwandamanaji na mharibifu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 37, yampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila ya silaha. Kifungu cha 40 cha Katiba hiyo hiyo chailinda mali ya mtu. Haki hizi mbili hazigombani. Anayebeba bango na kuimba hana kosa. Anayebeba televisheni ya mwenzake begani hawezi kujificha nyuma ya bango hilo.

MAMBO YAFAAYO KUTENDWA

Basi tuseme uko Runyenjes siku ya soko, na mwanamume aliyelewa anagombana na mwenye duka juu ya deni. Mara anaokota jiwe na kuvunja kioo cha mbele, kisha anaanza kuangusha rafu. Ufanye nini?

Kwanza, sema. Umwite kwa jina kama wamjua: "Mwenda, wacha hilo jiwe!" Mtu akiitwa kwa jina lake hukumbuka kwamba yeye ni mwana wa fulani, na kwamba kesho atakutana na watu wale wale kanisani au katika baraza la chifu. Mzee wa makamo akisema kwa sauti ya upole aweza kufanya zaidi ya vijana watatu wenye nguvu.

Pili, waite wengine, nawe uwaite kwa kuwaelekeza. Usipige kelele tu kwamba mtu asaidie, maana "mtu" ni kila mmoja, na kila mmoja atamngoja mwingine. Mwambie kijana wa bodaboda, "Wewe mwenye koti jekundu, nenda kituo cha polisi." Mwambie mama muuza ndizi, "Piga simu 999 au 112." Zamani za wazee wetu mtu akipiga yowe usiku, kila aliyesikia alitoka, kwa kuwa kutotoka ilikuwa aibu. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe.

Tatu, waokoe watu kabla ya vitu. Duka likishika moto, swali la kwanza ni hili: Nani yumo ndani? Wafungue milango, wawatoe watumishi, wawaite majirani wa ghorofa ya juu. Mfuko wa sukari hununuliwa tena.

Nne, tazama na ukumbuke. Uso, nguo, saa, namba ya gari, njia waliyoshika: haya ndiyo yatakayotakiwa mahakamani. Kesi huanguka pale waonaji wanapokataa kusema waliyoyaona. Mwenye hofu na ajue kwamba nchini Kenya iko Sheria ya Ulinzi wa Mashahidi, ya mwaka 2006, na uko wakala wa Serikali uliowekwa kwa kazi hiyo. Simu yenye kamera nayo ni shahidi mzuri, lakini usiifanye kamera kuwa udhuru wa kusimama tu. Aliyepiga picha dakika kumi bila ya kumwita polisi amefanya nusu ya kazi, nayo ni nusu iliyo rahisi.

Tano, ikiwa mko wengi, naye ni mmoja, wala hana silaha, mkamateni, mwondoeni jiwe mkononi, mketisheni chini mpaka polisi waje. Ikiwa wao ni kundi lenye silaha, ondokeni, ufungeni mlango wenu, muwe mashahidi. Kurudi nyuma wakati huo si woga.

KUKAMATA SI KUADHIBU

Hapa pana hatari iliyo kubwa kuliko kunyamaza. Katika nchi yetu wako watu ambao, wakiitwa kusaidia, huja na mawe na matairi. Aliyevunja kioo hupigwa mpaka afe, na asubuhi kijiji kizima husema hakikuona kitu. Mambo ya namna hiyo yametokea mara nyingi nchini, na waliouawa hivyo si wote waliokuwa na hatia.

Yafaa ijulikane wazi kwamba huo si msaada kwa mwenye duka. Sheria yasema kwamba watu wakishirikiana kwa nia moja katika tendo baya, kila mmoja ahesabiwa kuwa amelitenda. Aliyeleta jiwe la kwanza na aliyelitupa la mwisho husimama pamoja kizimbani kwa mauaji. Nani atakayemshukuru jirani aliyeokoa kioo akaleta msiba katika nyumba mbili?

Tarehe 9 Julai 2025 Rais William Ruto alisema kwamba mtu anayechoma biashara ya mwenzake apigwe risasi mguuni, apelekwe hospitali, kisha mahakamani. Wanasheria na watetezi wa haki walilipinga neno hilo, wakasema kwamba adhabu hutolewa na mahakama, na kwamba Katiba inalinda uhai wa kila mtu. Kama hata askari mwenye sare na mafunzo ana mpaka asioruhusiwa kuuvuka, sembuse mpita njia? Kanuni ya kumwongoza raia ni fupi: nguvu zako zisizidi zile zinazohitajika kumzuia, na mara akiisha kuzuilika, zikome. Hasira ni hasara.

Wazee wetu walilielewa jambo hili. Njuri Ncheke ya Ameru, ambayo makao yake yako Nchiru, na mabaraza ya wazee ya Embu, yalijua kwamba aliyeharibu mali hapaswi kutendewa na yeyote amkutaye. Aliletwa mbele ya wazee, maneno yakasikizwa ya pande zote mbili, na fidia ikatakiwa kwake na kwa ukoo wake. Faida ya desturi hiyo ni kwamba aliyepoteza alilipwa. Kijana aliyeuawa kwa mawe hawezi kulipa kioo.

TUJITAYARISHE KABLA

Mambo haya hayafunzwi siku ya ghasia. Siku hiyo kila mtu hufanya yale aliyoyazoea. Basi wenye maduka wa mtaa mmoja wajuane, wabadilishane namba za simu, wakubaliane nani atakayemwita nani. Mpango wa Nyumba Kumi, ulioanzishwa nchini mwaka 2013, ulikusudiwa kazi kama hii. Mahali ulipolala, waweza kuamshwa na majirani watano tu wenye nia njema. Mwenye duka naye na atende wema wakati wa amani. Yule apimaye kilo kamili na kuwasalimu vijana wakaao barazani pake hatakosa wa kumtetea, lakini yule awafukuzaye kama mbwa atapata shida kuwaita siku ya moto.

Kadhalika wazazi na waseme na vijana wao, tena mapema. Kijana ana haki ya kukasirika kwa kukosa kazi, na ana haki ya kuandamana. Lakini duka likichomwa, nafasi za kazi mjini hupungua, na huenda aliyekuwa akiajiriwa humo ni ndugu yake.

Jibu la swali letu basi ni hili: Mpita njia asinyamaze. Lakini kutonyamaza si kupigana. Ni kusema, kuita, kuokoa, kukumbuka, na panapowezekana kukamata na kukabidhi. Kati ya mambo hayo hakuna mtu asiyeweza kufanya hata moja. Mzee dhaifu aweza kuita. Mtoto wa shule aweza kukumbuka uso. Na anayejisikia kwamba mkono wake unataka kufanya zaidi ya hayo, autie mfukoni na kungoja polisi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kioo kimoja kikivunjwa leo mbele ya watu mia walionyamaza, aliyekivunja amejua kwamba mji huo hauna wenyewe. Na ajue kwamba wenyewe wapo.